Gari Lisilo na Umande

Wanangu, nawaona. Mnakaa pale kwenye kibaraza cha duka la vipuri, vichwa vimeinamia simu, mnapitishiana video ya gari la milango miwili linalojizungusha na kutimua vumbi, halafu mmoja wenu anasema, "Hii nikiipata mimi, sitaki tena kitu duniani." Nikipita mnaniamkia vizuri, kisha mnaninyooshea hiyo simu na swali lenu la siku zote: "Mzee, hii injini yake vipi?"

Sasa mimi nitajuaje? Uzima wa injini hauonekani kwenye picha, na tabia ya mchumba vilevile. Nimefanya ufundi wa magari hapa Tunduma tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa kuingia chini ya gari, lakini magari yenyewe sijayachoka. Kwa hiyo kaeni, chai ipo, leo nitawajibu vizuri.

Kwanza niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawatalipenda. Sioni ubaya kijana kupenda gari la mbio. Watu watawaambia nunueni gari la kubeba mahindi, nunueni pikipiki, acheni utoto. Mimi nilifundishwa kazi na mtu ambaye hakumcheka mteja yeyote kwa kupenda gari, hata lingekuwa limelala chini kiasi cha kukwama kwenye tuta la kwanza ukitoka Mpemba. Alikuwa akisema, "Anayependa gari usimcheke. Mfundishe kuisikiliza."

Tulimwita Ba Mwaba. Alizaliwa ng'ambo, Nakonde, mama yake Mnyamwanga wa huku kwetu. Mnajua wenyewe jinsi mpaka wetu ulivyo, shangazi yuko upande huu na mjomba yuko ule. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila akifurahi au akikasirika kinachanganyika na Kibemba. Mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na gereji yake ilikuwa uwanja wa udongo nyuma ya soko, umezungushiwa ua wa michongoma. Mafundi wote huosha mikono wakimaliza kazi. Yeye aliosha kabla ya kufungua boneti. Nilipomuuliza sababu, aliniambia unaingia nyumbani kwa mtu, iwe, ndiyo kusema wewe kwa Kibemba, unaingiaje na matope?

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unaugandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na hapo utasikia beringi inayolalamika ndani huko ambako jicho halifiki. Siku ya kwanza mimi niliusokomeza mpini ndani ya sikio lenyewe, na mteja naye akaona huo ndio wakati wa kujaribu honi. Nilisikia kengele kichwani mpaka ibada ya Jumapili, na Ba Mwaba alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi.

Lakini sheria yake kubwa, ile iliyomfanya ajulikane kutoka Tunduma mpaka Vwawa, ilikuwa moja tu. Gari unalotaka kununua lazima lilale kwake. Muuzaji alilete jioni, aliache, arudi nyumbani. Asubuhi, kabla jua halijapasha bati, Ba Mwaba mwenyewe ndiye atakayeliwasha. "Ilale hapa," alikuwa akisema. "Kesho nitaiamsha." Alikuwa na sababu. Injini ikishapata moto inaficha mengi. Oili imekuwa nyepesi na imesambaa, vyuma vimetanuka vikakaa mahali pake, plagi zimekauka. Mtu akishaoga na kunywa chai, utajuaje aliamka akiwa na hali gani? Injini baridi haijapata nafasi ya kujipamba, na hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi tunayo ya kutosha.

Hapo ndipo anapoingia Rebeka.

Rebeka alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Igamba, Mbozi, wakati huo bado msichana. Utotoni mwake alikuwa akiuza ndizi barabarani pale Mlowo, na magari yale ya IT, yanayotoka bandarini kwenda Zambia, yalikuwa yakimpita siku nzima. Wenzake walijifunza kukimbilia mabasi. Yeye alijifunza milio. Angeweza kufumba macho akakuambia hii ni dizeli, hii ni ya silinda sita, hii ina turbo na dereva wake anaionea. Akaapa moyoni kwamba siku moja gari la namna hiyo litasimama kwake lisimpite.

Baba yake alipofariki alimwachia shamba la kahawa. Akalihudumia, likamlipa, akaweka akiba. Siku alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda kununua gari la mbio, kaka yake mkubwa, Yona, aliita kikao cha ukoo. Alisema mwanamke anayegeuza kahawa ya marehemu kuwa mdoli hawezi kuaminiwa na shamba. Wazee wakabishana, mwishowe baba mdogo akatoa uamuzi: Rebeka anunue anachotaka, ni jasho lake, lakini gari hilo likifa kabla ya mavuno yajayo, itakuwa ushahidi kwamba hana busara, na shamba litakwenda kwa Yona. Rebeka akakubali. Na akaja kwa Ba Mwaba akiwa na jambo hilo kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeleta gari?"

"Sina gari baba. Nimeleta shida." Akamweleza yote, shamba, Yona na kikao. Kisha akasema, "Nimeona moja hapa Tunduma, ya bluu. Nikisikia mlio wake naishiwa nguvu. Lakini nikikosea, nimepoteza miti ya baba yangu, mpaka wa mwisho."

Ba Mwaba hakumpa hotuba. Akavua kofia, akajikuna, akasema, "Basi hatutakosea. Mwambie mwenye gari ailete ilale."

Hapa ndugu zangu nitoke kidogo nje ya barabara, maana nimekumbuka jamaa wa Ivuna. Mnapajua Ivuna, bondeni kule, chumvi na jua. Huyu jamaa alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, akaja kukagua gari zuri sana la kaka mmoja wa hapa mjini, asubuhi ya mwezi wa saba. Lilipowashwa tu, moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi. Jamaa akaruka nyuma. "Hii inakula maji! Gasketi imekufa!" Hakungoja kuambiwa kitu, alipanda basi kurudi kwao. Ulikuwa mvuke wa baridi tu, wanangu, ungekwisha kabla hajamaliza kikombe cha chai. Huko kwao bondeni injini haitoi mvuke asubuhi, kwa hiyo alikuwa hajawahi kuuona. Gari lile lilinunuliwa na mchungaji, akazeeka nalo. Moshi mweupe mwepesi unaopotea ni asubuhi ya Tunduma. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, hapo ogopeni. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au turbo. Mweusi ni petroli nyingi kuliko inayohitajika. Shikeni hilo la mweusi, tutalihitaji.

Turudi kwa Rebeka. Mwenye gari la bluu aliitwa Gasto, mfanyabiashara wa mchele, kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumatatu. Alipoambiwa gari lilale kwetu akasema kesho. Kesho yake akasema ana msiba. Baadaye akasema gari halijazoea kulala nje. Ba Mwaba akacheka, akamuuliza kama lina kikohozi. Gasto akaudhika. "Mzee, mchagua jembe si mkulima. Njooni mchana mlione, linaunguruma vizuri." Kizuri chajiuza, hilo nalo tulilijua, lakini Rebeka alikuwa amesimama pale akilitazama gari lile kwa macho ambayo hayakuwa ya kutafuta kasoro. Ba Mwaba akamwambia Gasto kwa upole kwamba bila kulala hakuna biashara. Mwishowe akakubali, akalileta jioni, akakabidhi ufunguo mmoja.

Asubuhi yake tulifika mapema. Rebeka alikuwa ameshafika, amejifunga kitenge juu ya sweta, na Yona alikuwa naye, amekuja kujionea, mikono mfukoni. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Uwanjani mlikuwa na magari mengi ya wateja, na yote yalikuwa yamelowa, maana umande wa msimu ule ulikuwa unashuka kama mvua. Nikaanza kulifuata gari la bluu na sanduku la vifaa. Ba Mwaba akanishika bega.

"Angalia kwanza. Usiguse."

Nikaangalia. Pikapu la mwalimu, boneti imelowa. Lori la nafaka, boneti imelowa. Gari la bluu, paa limelowa, vioo vimelowa, milango imelowa. Boneti yake ilikuwa kavu, safi, inang'aa.

Ba Mwaba akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta taratibu, akaenda akaweka kiganja juu ya ile boneti. Akakiacha pale. Kisha akamgeukia mlinzi wetu, aliyekuwa ameanza kutazama michongoma kana kwamba ameiona leo. "Gasto amekuja saa ngapi?"

Mlinzi akasema Gasto alikuja alfajiri na ufunguo mwingine, akidai amesahau miwani ndani ya gari. Aliliwasha kidogo tu ili apate mwanga.

Yona akacheka kwa sauti. "Si nilisema? Tapeli! Rebeka, twende nyumbani." Na mimi nikawaza vivyo hivyo, wanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Rebeka alikuwa bado anatazama ile boneti kavu.

Sasa sikilizeni nilichojifunza siku ile, ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha injini. Fundi mwingine yeyote angeishia hapo. Muuzaji amedanganya, gari bovu, kwaheri. Ba Mwaba alimtuma mtu amwite Gasto, na Gasto alipofika, shati limepigwa pasi, uso umemshuka, yule mzee alimkaribisha kiti. Hakumwita mwizi. Alimuuliza swali moja: "Mwana, inakusumbua nini asubuhi?"

Gasto akatazama chini. Halafu maneno yakamtoka kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa. Kwamba asubuhi gari lilikuwa gumu kuwaka, lilikohoa, lilitoa moshi mweusi, majirani walimcheka. Kwamba linakunywa petroli kupita kiasi. Kwamba wanunuzi wawili walifungua kifuniko cha oili wakakuta povu jeupe kama la sabuni, wakasema maji yameingia kwenye injini, wakamkimbia. Kwamba yeye mwenyewe anaamini injini inakufa, na huwa anaamka alfajiri kuipasha ili angalau ionekane nzima. "Sikutaka kumwibia dada," akasema. "Ila sina pa kuipeleka."

"Na imewahi kuchemka?"

"Mara moja tu mzee, nikiwa naitoa Dar, joto kali kule chini. Fundi wa njiani akanisaidia. Tangu hapo haijachemka tena hata kidogo."

Ba Mwaba akanitazama. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. "Alikusaidiaje, mukwai?" akauliza kwa neno la heshima la kwao.

"Alitoa kidude fulani, akasema ni cha nchi za baridi, huku Afrika hakina kazi."

Kidude hicho, wanangu, ni themostati. Ni mlango mdogo unaokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi unajifunga, maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate joto lake haraka. Ikishapata, unafunguka. Mafundi wengi wa sehemu za joto waliking'oa na kukitupa, kwa nia njema kabisa, na mteja alishukuru. Lakini gari lile halikubaki kwenye joto. Lilipandishwa likaletwa huku, kwenye baridi ya Tunduma, bila mlango. Kila siku maji baridi yalipita na injini haikuwahi kupata joto lake hata siku moja. Isipopata joto, yenyewe inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kujimwagia petroli. Ndiyo moshi mweusi. Plagi zinajaa masizi, ndiyo ugumu wa kuwaka. Unyevu unabaki ndani bila kukauka, ndilo povu. Na Gasto, kwa huruma yake, alikuwa akiamka alfajiri kulipasha, akiliongezea masizi juu ya masizi.

Siku hizi mna mashine ya kuchomeka kwenye gari ikawasomea ugonjwa. Nasema wazi, ni kitu kizuri, na natamani Ba Mwaba angeiona. Ingetuambia palepale kwamba joto la injini liko chini. Itumieni. Ila haitawaambia kwa nini Gasto aliamka alfajiri.

Ba Mwaba hakukurupuka kutoa jibu. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa nikinuse, kilinuka petroli. Lakini oili yenyewe haikuwa na maji, povu lilikuwa kwenye kifuniko tu. Akafungua rejeta ikiwa imepoa, akaniambia niwashe, akatazama kama kuna mapovu yanayopanda. Hakuna. Tukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani, silinda moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa sawa, moja ilikuwa chini kidogo. Akasikiliza kwa bisibisi, kila upande, amefumba macho, na Rebeka akaomba asikilize naye. Akampa. Nakumbuka vile alivyosimama, mpini nyuma ya sikio, kama mtu anayepokea habari za kwao.

Gasto akakubali vipuri viwe juu yake. Tukaweka themostati, plagi mpya, oili mpya, na kulanti badala ya yale maji ya bombani yaliyogeuka rangi ya chai. Kisha Ba Mwaba akasema twende Itumba, tuipandishe milima ya Ileje, na Rebeka ndiye aendeshe.

Tulibanana humo. Mimi na Gasto nyuma, magoti yakiwa mdomoni, Yona alikataa kupanda. Tulipoacha Mpemba na kuanza kupanda, Rebeka akaikanyaga kidogo, turbo ikaita, na mimi mtu mzima nikajikuta nacheka peke yangu. Jamani, ile sauti! Wanaosema gari ni chuma tu hawajawahi kukaa nyuma ya injini nzuri ikipanda mlima. Kila kona ya Ileje ilikuja ikapita, mashamba yakining'inia huku na huku, na yule msichana wa ndizi alikuwa amekaa pale mbele ametulia, mikono myepesi, anaisikiliza kabla ya kubadili gia.

Mara Gasto akapiga kelele. "Simama! Dada simama! Inachemka! Zima!"

Alikuwa anaonyesha sindano ya joto. Ilikuwa imepanda, imesimama katikati kabisa, mahali inapotakiwa. Maskini, tangu kile kidude kitolewe hakuwahi kuiona pale. Ba Mwaba alicheka mpaka machozi. "Awe mwana," akasema, "awe, hapana. Leo ndiyo imefika kazini."

Tulipofika Itumba, kabla ya kuzima, Ba Mwaba alimwambia Rebeka aiache ingurume taratibu kwanza. Hili nalo mlishike. Turbo inazunguka kwa kasi na moto mwingi. Ukizima ghafla baada ya mlima, oili inasimama na turbo inaungua yenyewe kwa yenyewe. Ipeni muda ipumue. Turbo nyingi mnazoambiwa zimekufa kwa uzee zimeuawa na watu wenye haraka ya kushuka.

Gari likalala tena kwetu. Asubuhi lilikuwa limelowa umande kama wenzake wote, kuanzia boneti mpaka taa za nyuma. Rebeka ndiye aliyeliwasha. Likashika mara moja.

Lakini hapo ndipo kazi ya Ba Mwaba ilipokuwa ngumu kuliko zote. Rebeka alikuwa anamtazama, Yona alikuwa anamtazama, Gasto alikuwa anaomba Mungu. Shamba zima la Igamba lilikuwa kwenye ulimi wa mzee yule. Akishasema nunua, na gari likafa, hakuna wa kurudisha shamba.

"Mwanangu," akasema, "sitakuficha. Injini hii imenywa petroli kwenye oili muda mrefu. Silinda moja imeumia kidogo. Haikufa. Imezeeka kabla ya umri wake."

"Ungekuwa wewe baba?"

"Ningeinunua. Lakini mimi nakubali kuamka mapema. Kila asubuhi iwashe, ungoje. Usiikimbize mpaka sindano inyanyuke. Watakuita, watapiga honi, wewe ngoja. Oili badilisha kabla hujaambiwa. Ukiiamsha kwa heshima, gari hii itanizika mimi."

Rebeka akanunua. Yona akaondoka bila kuaga.

Mwaka ule mzima nilikuwa na hofu kuliko mwenye gari. Kila nikisikia kuna gari limekwama njia ya Vwawa, nauliza ni la rangi gani. Rebeka alikuwa akija Jumamosi kubadilisha oili, anajilaza chini mwenyewe, sweta lake lile lile. Watu wa Igamba walizoea kumwona amekaa ndani ya gari asubuhi, injini inanguruma, yeye hajaondoka. Wengine walisema anasali. Mavuno yalipofika, baba mdogo wa ukoo akaja na wazee, akakuta gari limelala uani, limelowa umande. Rebeka hakujitetea. Alimpa funguo. Mzee wa watu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwasha kitu kingine zaidi ya redio, akazungusha. Likashika mara moja, akashtuka mpaka akaachia funguo. Akaisikiliza injini. Halafu akasema maneno ya shamba yamekwisha, na akaomba kama anaweza kupelekwa kanisani nalo Jumapili.

Nilimpenda sana Ba Mwaba. Nalisema sasa kwa sababu sikuwahi kumwambia. Nimeona mafundi hodari wengi, wengine mikono yao ilikuwa myepesi kuliko yake. Lakini sijaona mwingine ambaye, akikuta boneti kavu, angefikiria kwanza kwamba kuna mtu anateseka. Mimi ningemfukuza Gasto, na gari zima lingekwenda kuuzwa skrepa, na Rebeka angekosa alichokingoja tangu Mlowo.

Kwa hiyo mkiniuliza injini yake vipi, nitawauliza limelala wapi, na nani ameliamsha. Na mkikuta boneti kavu, ulizeni vizuri.

Ba Mwaba alifariki mwezi wa sita, miaka mingi baada ya hayo, mimi nikiwa bado kazini. Asubuhi ya mazishi tulikusanyika nyumbani kwake, ndugu wa Nakonde na wa huku, mafundi wa mji mzima, madereva wa malori waliokuwa wameyaacha malori yao kwenye foleni ya mpakani. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu. Mama Mwaba, mjane wake, alikataa magari yote aliyoandaliwa. Alisema atatangulia mbele na Rebeka.

Gari la bluu lilikuwa limelala hapo uani tangu jana yake. Rangi ilikuwa imechakaa na bampa la mbele limeshonwa kwa waya, matuta yetu mnayajua. Nilipita nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi na imelowa.

Rebeka akawasha. Likashika mara moja. Msafara wote nyuma ukawasha, kwaya ikapanda, mchungaji akafunga mlango. Rebeka hakuondoka. Tukangoja. Mtu akapiga honi huko nyuma. Mgeni mmoja wa kutoka mbali akashuka, akaenda dirishani, akauliza mbona haendi, muda umefika, kuna tatizo gani?

Nilikuwa nasogea kumweleza, lakini Mama Mwaba alishainua mkono.

"Ngojeni," akasema. "Bado haijaamka."

Honi ikanyamaza. Watu wote wale wakasimama kwenye baridi wakaisubiri injini ile, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu. Kisha sindano ikanyanyuka, Rebeka akashusha hendibreki, tukaenda kumzika.